Mgonjwa Aulizwe Kwanza



Barua nyingi zaletwa katika ofisi yetu. Nyingi zaomba sala, nyingine zalalamika kwamba gazeti lachelewa kufika. Moja iliyotufikia kutoka Vigwaza, pale penye mizani ya malori katika barabara kuu iendayo Morogoro, imetulazimu kuyaweka kando yale tuliyokuwa tumekusudia kuandika. Mwandishi wake ni mama mwenye watoto watano, naye ametuomba tusitaje jina lake wala kigango chake. Lakini ametupa ruhusa kuyaeleza mambo yenyewe, kwani aamini wako wengine wenye kubeba mzigo kama wake pasipo kumwambia mtu.

Mume wake ni dereva wa lori. Siku moja, akiwa ameshuka garini kungoja zamu ya kupima, alianguka, akatetemeka mwili mzima na kuuma ulimi. Waliokuwapo walisema ni pepo. Hospitali walimpiga picha ya kichwa, ikaonekana ndani ya ubongo kifuko kidogo chenye maji, ambacho madaktari hukiita sisti. Daktari wa kwanza alisema kipasuliwe. Daktari wa pili, alipoitazama picha ile ile, alisema afadhali mgonjwa anywe dawa za kuzuia kifafa na kungoja, kisha picha irudiwe baada ya miezi sita. Tangu hapo nyumba haina amani. Mama mkwe ataka tambiko. Shemeji asema kwamba mtu aliyefunguliwa kichwa hurudi akiwa kama mtoto mchanga. Kaka mkubwa amekwisha kukusanya fedha kwa ndugu, naye ataka operesheni ifanyike kabla fedha hazijaliwa. Na mama huyu atuuliza maswali mawili: mume wake akikataa kupasuliwa, je, atenda dhambi ya kujiua? Naye mwenyewe akimsihi akubali, kisha akafa juu ya meza ya daktari, je, damu yake itakuwa juu yake?

Tuliisoma barua mara mbili, kurasa nne za daftari la shule, tukitafuta neno moja. Mkwe asemaye yumo, shemeji yumo, kaka yumo, madaktari wawili wamo. Mgonjwa mwenyewe asema nini? Hakuna mahali palipoandikwa.

Hatumlaumu mama huyu. Ndivyo tulivyo sote. Mtu akiugua mguu twamwuliza aumwa wapi. Akiugua kichwa twaanza kusema juu yake kana kwamba ametoka chumbani. Lakini Bwana wetu hakufanya hivyo. Yule mwenye kupooza kando ya birika la Bethzatha alikuwa ameugua miaka thelathini na minane, na kila mtu aliweza kuona alihitaji nini. Hata hivyo Bwana alimwuliza kwanza kama ataka kuponywa. Bartimayo kipofu alipiga kelele njiani Yeriko, na Bwana, ambaye alijua yote, alimwuliza ataka atendewe nini. Kama Mwana wa Mungu hakuona haya kumwuliza mgonjwa, kaka mkubwa aona haya ya nini?

Sasa yafaa kusema juu ya ugonjwa wenyewe, kwa maana hofu nyingi zatokana na kutojua. Vifuko vya maji ubongoni si vya namna moja. Viko vile ambavyo mtu huzaliwa navyo, katikati ya utando mwembamba ufunikao ubongo. Wengi huishi navyo mpaka uzee bila kujua, na wengine hugundua tu kwa kuwa walipigwa picha kwa sababu nyingine. Vya namna hii mara nyingi daktari hupendelea kuviangalia tu, mradi havikui wala havisongi ubongo. Viko vingine, vidogo sana, vikaavyo katikati kabisa ya ubongo, penye njia ya maji ya ubongo yenyewe. Hivyo ni wachache wavipatao, lakini vyaweza kuziba njia ile ghafula, na mtu akafa kwa muda wa saa chache. Vifuko viwili vyaweza kulingana kwa ukubwa katika picha, na kimoja kikawa cha kungoja, kingine cha kupasuliwa bila kuchelewa. Jambo kubwa ni mahali kilipo, na kile kinachokifanya. Ndiyo maana madaktari wawili waweza kutofautiana pasipo mmoja wao kuwa mjinga au mpenda fedha.

Namna ya tatu ni vifuko vya tegu wa nguruwe, navyo vyajulikana sana katika nchi yetu, hasa sehemu za Mbulu na Mbozi. Hapa twaomba wasomaji wetu wa Pwani wasikilize vema, kwani huko Mkristu na Mwislamu hukaa ua mmoja, na maneno ya kuchomana huzuka upesi. Mtu alaye nyama ya nguruwe yenye ugonjwa, isiyoiva sawasawa, hupata tegu tumboni. Lakini vifuko vya ubongoni haviletwi na nyama ile moja kwa moja. Vyaletwa na mayai ya tegu, yatokayo katika choo cha mtu mwenye tegu, yakaingia katika maji, katika mboga zisizooshwa, au katika mikono ya mpishi. Basi hata yule ambaye tangu kuzaliwa hakuonja nguruwe aweza kuvipata, na hakuna wa kumcheka. Vifuko hivi mara nyingi hutibiwa kwa dawa za kumeza, pamoja na dawa nyingine za kuzuia ubongo usivimbe minyoo ifapo. Vingine vimekwisha kukauka vyenyewe, navyo havihitaji dawa ya minyoo, ila ya kifafa tu. Vingine, kwa mahali vilipo, vyahitaji kisu. Mtu aliyeambiwa ana vifuko hivyo asijinunulie dawa ya minyoo dukani na kuimeza peke yake, kwani minyoo ikifa ovyo ubongo waweza kuvimba, na kifafa kikazidi.

Kuficha ugonjwa wa kichwa ni desturi ya zamani katika nchi yetu. Karibu na mwaka 1960 daktari mmoja mwanamke, Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwe, alifika Mahenge, akaona watu wenye kifafa wakiishi kando na wenzao, wakila katika vyombo vyao peke yao, wengi wao na makovu makubwa ya moto, kwa kuwa walipoanguka motoni watu waliogopa kuwagusa. Kwa msaada wa misioni ya Kwiro alianza kuwatibu kwa dawa za bei ndogo. Waliokuwa wameanguka kila juma walikaa miezi bila kuanguka, na watu waliosema ni laana walianza kusema ni ugonjwa. Twalikumbusha hili kwa sababu mama wa Vigwaza atuandikia kwamba mume wake amewakataza watoto kusema nyumbani kuna nini. Afanya hivyo kwa haya, lakini haya hiyo haina msingi. Kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa kumshika mtu aangukapo.

Twarudi kwenye swali la kwanza. Je, kukataa kupasuliwa ni dhambi ya kujiua?

Kanisa limelijibu swali hili waziwazi. Tarehe 24 Novemba 1957 Baba Mtakatifu Pius wa Kumi na Mbili, akisema na madaktari, alifundisha kwamba mtu ana wajibu wa kutunza uhai na afya yake kwa njia zilizo za kawaida. Na kwamba njia zilizo za kawaida hupimwa kwa hali ya mtu, ya mahali na ya wakati, zile zisizomtwika yeye au wengine mzigo mzito kupita kiasi. Njia nyingine zote mtu aweza kuzitumia akipenda, lakini halazimishwi. Mwaka 1980 Kanisa liliyaeleza hayo tena, likisema yapasa kulinganisha namna ya matibabu, ugumu wake, hatari zake na gharama zake, na faida itazamiwayo, bila kusahau nguvu za mgonjwa, za mwili na za roho.

Msomaji atazame neno lile: mahali na wakati. Mwaka 1957 mkulima wa Vigwaza asingeliambiwa na padre yeyote kwamba ana wajibu wa kupasuliwa ubongo, maana angalipasuliwa wapi? Leo mambo ni mengine. Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, ambayo watu wengi wadhani ni ya kuunga miguu ya waendesha pikipiki tu, hutibu pia ubongo na mishipa ya fahamu, nayo iko Dar es Salaam, safari ya basi ya siku moja kwenda na kurudi. Hata huko mbali Haydom, katika Mbulu, mwaka 2006 daktari Dilan Ellegala kutoka Marekani alimfundisha daktari msaidizi mmoja, Emmanuel Mayegga, kupasua vichwa, na Mayegga naye akaendelea kuwafundisha wenzake. Kwa hiyo mtu hawezi tena kusema kijuujuu kwamba operesheni ya kichwa ni jambo la Wazungu au la matajiri.

Lakini kuwapo kwa operesheni si amri ya kuikubali. Mtu aliyeambiwa kwamba kifuko chake chaziba njia ya maji, na kwamba bila kisu atakufa au atapofuka, na kwamba operesheni ina tumaini kubwa, huyo tungemwambia bila kuficha kwamba ni vigumu kuona sababu ya kutosha ya kukataa. Mtu ambaye kifuko chake kimekaa kimya, ambaye kifafa chake chazuilika kwa dawa, na ambaye daktari mmoja mwaminifu amemwambia angoje, huyo akingoja hatendi dhambi yoyote. Wala hakosi imani. Na akichagua kupasuliwa, vile vile hakosi imani. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, afundisha kwamba tabibu aheshimiwe, kwani Mungu ndiye aliyemfanya, na kwamba dawa zatoka katika udongo alioumba Yeye; na katika sura ile ile mgonjwa aagizwa asali kwanza, kisha ampe tabibu nafasi yake.

Kungoja, hata hivyo, si kusahau. Daktari aliyesema picha irudiwe baada ya miezi sita hakusema mgonjwa aende akakae mpaka aanguke tena. Miezi sita ni miezi sita. Na katika muda huo zikija dalili hizi, asingoje hata asubuhi: kichwa kuuma kwa nguvu na kuzidi, pamoja na kutapika; macho kuona giza au vitu viwili viwili; usingizi mzito usio wa kawaida; mkono au mguu wa upande mmoja kulegea; au kifafa kufuatana kabla fahamu hazijarudi. Wala asiache dawa za kifafa ghafula kwa kuwa ajiona mzima. Ajiona mzima kwa sababu azinywa.

Liko jambo moja ambalo mama huyu amelitaja kwa mstari mmoja tu, karibu na mwisho, kana kwamba si kitu: mume wake amerudi kuendesha lori. Tajiri wake hajui.

Juu ya hili hatuna nafasi ya kupima huku na huku. Kichwa ni chake, na hatari ya kisu aweza kuichagua au kuikataa. Barabara si yake. Lori lenye shehena, likitelemka kuelekea daraja la Ruvu, na dereva wake amepoteza fahamu kwa dakika mbili, lina uwezo wa kuua basi zima la watu ambao hakuna aliyewauliza kama wakubali hatari hiyo. Amri ya Tano yahusu jambo hili kuliko inavyohusu operesheni. Ndugu yetu yampasa kuushusha usukani leo, akae chini mpaka daktari mwenyewe amwambie vingine, ijapokuwa twajua maana yake: ada za shule, chakula, na fahari ya mwanamume aliyezoea kupigiwa honi na wenzake kila apitapo. Twajua pia kwamba tajiri aweza kumfukuza. Ndiyo maana fedha zile alizozikusanya kaka mkubwa, kabla ya kuwa za operesheni, zafaa ziwe za unga na mafuta ya taa. Huenda ndugu yetu huyu ataka kupasuliwa, au akataa kupasuliwa, kwa sababu ya lori tu. Basi ndugu wakimhakikishia chakula cha miezi sita, ataweza kufikiri.

Na afikiri juu ya nini? Juu ya majibu ya daktari, na majibu hupatikana kwa kuuliza. Watu wetu humwogopa daktari kuliko polisi. Huitikia ndiyo kwa kila neno, kisha huuliza maana yake kwa muuza karanga pale langoni. Aende na mke wake, maswali yakiwa yameandikwa. Kifuko hiki ni cha namna gani? Kiko mahali gani? Nikikiacha, ni nini kinachotazamiwa? Nikipasuliwa, mtakitoa chote, au mtakitoboa maji yatoke, au mtaniwekea mpira wa kupitisha maji mpaka tumboni? Hatari ya kupoteza maneno au nguvu za mkono ni kubwa kiasi gani kwangu mimi, si kwa watu wote? Je, kifafa kitakwisha? Maana mara nyingine kifuko hutoka na kifafa hubaki, na mtu asiyeambiwa mapema hudhani amedanganywa.

Swali la mpira lina uzito wake kwa mtu akaaye mbali na hospitali. Daktari Benjamin Warf, aliyefanya kazi katika hospitali ya watoto iliyofunguliwa Mbale, Uganda, mwaka 2001, aliona kwamba watoto wenye maji kichwani waliowekewa mipira walirudi vijijini salama, lakini mpira huziba au huingia vijidudu, na kijiji kikiwa mbali mtoto hufa kabla ya kufikishwa. Ndipo akaendeleza njia ya kutumia darubini nyembamba kuyafungulia maji njia nyingine ndani ya ubongo wenyewe, ili wengi wao wasihitaji mpira. Si kila kifuko chafaa kutibiwa hivyo. Lakini daktari aulizwe: nikiwa nimerudi Vigwaza, na jambo likaharibika usiku, nifanye nini, na niende wapi kwanza?

Sasa juu ya tambiko. Mkwe wetu huyu ampenda mwanawe, na hatutamtukana. Lakini Mkristu hawezi kumwomba Mungu asubuhi na kuwapunga pepo jioni, wala mganga hawezi kuiona picha aliyoiona daktari. Akitaka kumfanyia mwanawe kitu, amshike mkono amsindikize hospitali. Mama aliyelala juu ya mkeka chini ya kitanda cha wodi amefanya kazi ambayo hakuna mganga aiwezaye.

Na swali la pili la mama: akimsihi mumewe, kisha akafa? Mama, kumsihi si kumlazimisha. Mwambie waziwazi lile ulionalo, na hofu yako, na mapendo yako, mara moja au mbili. Kisha nyamaza umsikilize. Akiwa na akili timamu na ameelezwa vema, neno lake ndilo la mwisho, nayo sahihi katika karatasi ya hospitali ni yake. Ukishafanya hivyo, likija lolote, halitakuwa juu yako. Usimwekee siri ya daktari, wala usimfiche habari mbaya kwa kusema wamlinda. Mwenye kufichwa hana cha kuchagua.

Akiamua kupasuliwa, aitwe padre kabla ya siku ile, wala asingojewe mpaka mgonjwa amekwisha kupoteza fahamu. Wako bado watu waonao mafuta ya padre kama jeneza. Mtaguso wa Vatikano, mwaka 1963, ulisema kwamba sakramenti hii yafaa zaidi kuitwa Mpako wa Wagonjwa, kwani si ya wanaokata roho tu; na Kanisa lashauri ipokewe kabla ya operesheni kubwa, pamoja na Kitubio na Ekaristi. Aipokee akiwa ameketi kitini mwake, watoto wote watano wakiwa kando yake, wakijua kuna nini.

Jambo la mwisho lawahusu jamaa, na hasa kaka mkubwa. Gharama zikizidi fedha zilizokusanywa, ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali iulizwe mapema, siyo siku ya kutoka. Operesheni za namna hii huhitaji damu tayari, na mara nyingi hospitali huwaomba ndugu waichangie. Basi wale watu wazima wenye afya, waliokwisha kutoa maoni yao juu ya kichwa cha ndugu yao, wapande basi la asubuhi waende Dar es Salaam kutoa damu, na wale kwanza, kwani mtu mwenye njaa aweza kuzirai akitolewa damu.